Vifaru vya plastiki vya zamani: jinsi ya kuvikusanya na kumjua aliyevitengeneza

Tuelewane kwanza tunaongelea nini, maana mtu akisikia vifaru vya toi, vile vya jeshi siyo wanyama, anafikiria vile vya chuma vya Dinky au vya bati vya Kijapani vya kujaza kwa ufunguo. Hapana, hapa ni vile vya plastiki tupu, vilivyouzwa bei chee kwenye mifuko na maboksi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka 1980 na kitu, mtoto anacheza navyo kwenye mchanga mpaka mzinga unakatika halafu vinatupwa. Na kwa sababu vilikuwa vya bei rahisi hakuna aliyejisumbua kuweka kumbukumbu, kwa hiyo kazi kubwa kwenye hii hobi siyo kununua, kununua anaweza yeyote, kazi ni kujua nani alikitengeneza na lini.

Jambo moja shika toka mwanzo: usifuate jina, fuata kalibu. Kalibu ni lile pande la chuma ambalo plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa ndani kwa presha, inapoa, inafunguliwa, kifaru kinadondoka. Kutengeneza kalibu kulikuwa gharama kubwa kuliko plastiki yote utakayoimimina kwa mwaka, so kampuni ikifa kalibu haitupwi, inauzwa, inakodishwa, inavuka mpaka inaenda nchi nyingine, na kila mwenye mali mpya anafuta jina la mwenzake anaandika la kwake. Ndiyo maana unaweza kukuta vifaru viwili vina majina tofauti na vimetoka kwenye chuma kilekile, na vingine viwili vinafanana kabisa kumbe kimoja ni kopi ya mwenzake.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

Usiseme nakusanya vyote, utajaza chumba na hutajua chochote. Kona kubwa ziko nne hivi.

Kuna Wamarekani, na mkubwa wao ni Louis Marx wa New York, kampuni ilianza 1919, viwanda vyake vilikuwa Erie na Girard kule Pennsylvania na Glen Dale kule West Virginia, na tawi la Uingereza lilikuwa Swansea. Vifaru vyake vingi vilikuja ndani ya maboksi makubwa ya vita pamoja na askari, mahandaki na mizinga. Mwaka 1972 kampuni iliuzwa kwa Quaker Oats, ndiyo, wale wale wa uji, na haikufika mbali baada ya hapo. Pembeni yake kuna Tim Mee wa Aurora, Illinois, kuna MPC, Lido, Thomas wa Newark, halafu Renwal ambaye jina lake ni Lawner, mwenye kampuni, limeandikwa kinyumenyume.

Kona ya pili ni Roco wa Salzburg, Austria, alianzisha Heinz Rössler mwaka 1960, na vifaru vyake vidogo vya Minitanks ni vya skeli ya 1:87, yaani vidogo mara 87 kuliko halisi, vinaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Hii ndiyo kona rahisi kuliko zote kwa anayeanza maana vimeandikwa vizuri na mpangilio wake unajulikana, baadaye bidhaa hiyo ikaenda kwa Herpa wa Ujerumani.

Kona ya tatu Hong Kong. Bei chini, fumbo kubwa, na mimi ndiyo naipenda zaidi. Ya nne ni Urusi ya Kisovieti, ambayo ina raha yake nitaieleza chini.

Hatua ya 2: Kununua

Huku Uingereza nilipo mahali pazuri ni yale masoko ya Jumapili alfajiri ambapo watu wanapaki magari kiwanjani wanafungua buti na kuuza vitu vya nyumbani. Usiangalie meza iliyopangwa toi vizuri, huyo anajua bei. Angalia ndoo. Ndoo au kiboksi cha viatu kilichojaa askari, ng'ombe, matofali ya Lego na magari bila tairi, chini kabisa ndiko vifaru vinakokaa kwa sababu ni vizito kuliko askari. Ufaransa na Ujerumani wana masoko ya aina hiyo hiyo, Marekani wanauza uani kwao. Kwa mlioko nyumbani, marobota ya toi za mtumba yanafunguliwa Gikomba na kwingineko, mengi ni plastiki mpya mpya ya Kichina lakini mzigo umetoka kwenye nyumba za Ulaya na Marekani, so anayepita mara kwa mara na akajenga urafiki na wauzaji ana nafasi yake.

Mtandaoni eBay bado ndiyo soko, ila kabla hujanunua chuja uone vilivyokwisha uzwa, siyo bei wanazoomba. Mtu anaweza kuomba dola mia miaka mitatu na hakuna anayenunua. Na usitafute kwa jina la kampuni peke yake, andika kama anavyoandika mtu asiyejua chochote: kifaru, jeshi, plastiki, kijani, cha zamani, basi. Halafu muombe muuzaji picha ya chini. Asipotuma picha ya tumbo la kifaru mimi huwa naachana naye, labda kiwe cha bei ya soda.

Boksi likiwepo lichukue hata kama limechanika. Mara nyingi boksi au kile kikaratasi cha juu ya mfuko kina thamani kuliko kifaru chenyewe, na zaidi ya thamani ndiko kuliko na anwani.

Hatua ya 3: Osha, lakini kwa akili

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini, basi. Kikiwa na stika ya karatasi usikizamishe, futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Kausha kivulini. Asetoni, thina, petroli na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha viweke mbali kabisa, aina fulani za plastiki zinayeyuka mkononi unaona.

Hatua ya 4: Jua plastiki gani umeshika

Hii watu wengi wanairuka na ndiyo inapunguza majina haraka kuliko kitu chochote.

Chukua beseni la maji. Weka kifaru taratibu, kibinyebinye chini ya maji hewa itoke kwenye tumbo, halafu achia. Kikielea mara nyingi ni polithini, ile plastiki laini inayohisi kama nta ukiikwaruza kwa ukucha, mzinga wake unapinda na kurudi. Kikizama ni plastiki nyingine. Angalizo moja, ekseli za chuma za magurudumu zinaweza kukizamisha hata kama ni polithini, kwa hiyo kama zinatoka zitoe kwanza.

Kikizama, kigonge kwa ukucha. Polistirini inalia kikavu, tik, kama kijiko cha plastiki kigumu, inang'aa na inavunjika kwa ncha kali, Renwal na Thomas wa miaka ya 1950 wengi wako huku. Kama kimezama na kimejipinda mwili mzima, yaani ukikiweka mezani kinayumba, na ukikinusa kuna harufu ya siki, hiyo ni asiteti ya selulosi, plastiki ya mapema, hiyo itenge na nyingine maana mvuke wake unaharibu majirani. Kama kinavutika na kinanata vidole ni PVC laini. Auburn wa Indiana, ambaye alianza na mpira, alihamia kwenye vinyl, yaani PVC hiyo hiyo, miaka ya 1950.

Usichome na kiberiti. Kuna watu wanapendekeza kunusa moshi, siyo salama na umeharibu kifaru chako.

Hatua ya 5: Soma tumbo

Kigeuze. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa, karibu ilingane na meza, mwanga upite juu juu. Herufi ambazo mchana huzioni zitasimama zenyewe. Piga picha kutoka pande mbili tatu.

Ngoja nikupe mfano wa kimoja nilicho nacho hapa mezani. Kijani cha jeshi, laini, kinaelea, urefu kama wa kidole. Katikati ya tumbo kuna maneno MADE IN HONG KONG kwa herufi zilizotokeza, chini yake namba 3, na pembeni kuna viduara vinne vidogo vilivyozama kidogo. Hakuna jina. Anayeanza anasema "modeli namba 3". Siyo. Kalibu moja ilikuwa inatoa vifaru kadhaa kwa mpigo, na kila tundu lilipewa namba yake ili kikitoka kibovu fundi ajue tundu gani lina shida, so hiyo 3 mara nyingi ni namba ya tundu, na ukikuta kingine kinachofanana kabisa chenye 1 au 4 umepata ndugu yake wa tumbo moja. Vile viduara ni alama za pini zinazokisukuma kifaru kitoke kwenye chuma. Na mahali plastiki ilipoingilia kuna kikovu kidogo, kama kitovu, kwenye hiki kiko chini ya pua ya mbele.

Viduara na kikovu hicho ndiyo alama za vidole za kalibu. Jina linafutika, hivi havihami kirahisi. Vipimie kwa rula, andika kwenye daftari: viduara vingapi, viko wapi, kikovu kiko wapi.

Sasa jina likifutwa linaonekanaje? Herufi kwenye kifaru zimetokeza kwa sababu zilichongwa ndani ya chuma. Mwenye mali mpya akitaka kulifuta inabidi ajaze mahali hapo kwa chuma au akate dirisha apachike kipande kipya, na hiyo inaacha kiraka: mstatili wenye mpaka mwembamba, au sehemu laini kuliko tumbo lote. Ukiona mstatili mtupu kwenye tumbo la kifaru ujue kulikuwa na mtu hapo. Wakati mwingine mguu wa herufi moja umebaki, na herufi moja inatosha kuanzia.

Alama za kukumbuka: Marx ni duara lenye X kubwa na MAR imepita juu yake. Roco wa zamani wana jina, Austria, na mara nyingi DBGM, ambayo ni usajili wa Ujerumani Magharibi. EMPIRE MADE bila nchi, hiyo karibu kila mara ni Hong Kong iliyokuwa inauza Uingereza. Kule kule Hong Kong kuna Blue Box, ilianzishwa 1952, ni kati ya wachache waliokuwa wanaandika jina lao bila aibu.

Na Wasovieti ndiyo raha yenyewe, walikuwa wanachapa bei kwenye plastiki. Utaona herufi za Kirusi na kitu kama Ц. na namba na К au Р, yaani kopeki au rubo. Januari 1961 walibadilisha pesa, rubo kumi za zamani zikawa moja, so bei inayoonekana kubwa mno kwa kifaru kidogo inakuambia ni kabla ya hapo. Kikiwa na kile kimchoro cha pembe tano cha ubora wa taifa, basi ni 1967 au baadaye maana ndipo kilipoanza. Pembeni kuna nembo ndogo ya kiwanda, hizo unalinganisha na picha za wakusanyaji wa Kirusi, ambao kwa kweli wamefanya kazi nzuri kuliko sisi wote.

Hatua ya 6: Weka mwaka

Hapa unabana kutoka pande mbili, haiwezi kuwa kabla ya lini na haiwezi kuwa baada ya lini.

Anza na kifaru halisi. Toi ya Patton M48 ya Kimarekani haiwezi kuwa ya miaka ya 1940 kwa sababu M48 yenyewe haikuwepo. Leopard ya Kijerumani iliingia jeshini 1965, Abrams ya Kimarekani 1980. Ila usigeuze hesabu: toi ya Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili, siyo lazima iwe ya wakati wa vita, Sherman za toi zinatengenezwa mpaka leo.

Kisha anwani kwenye boksi. Marekani walikuwa na namba za kanda za posta tokea 1943, na Julai 1963 wakaanza namba za tarakimu tano. Kwa hiyo "New York 10, N.Y." ni kabla ya 1963 au mwenye kampuni alikuwa anamalizia maboksi ya zamani, na "New York, N.Y. 10010" ni baada. Ukikuta 200 Fifth Avenue usifurahi haraka ukasema Marx, lile jengo lilijaa kampuni za toi.

Namba za hataza (patent) za Marekani zinasaidia sana. Inayoanzia milioni mbili ni kati ya 1935 na 1961, ya milioni tatu ni kati ya 1961 na 1976, ya milioni nne imeanza Desemba 1976. Ukiipata ingia Google Patents uandike namba, utaletewa mchoro na jina la aliyesajili, bure. Likiandikwa tu PAT. PEND., yaani hataza imeombwa bado haijatolewa, hakuna cha kutafuta, hiyo ni ahadi tu.

West Germany ni 1949 mpaka 1990. Bakodi kwenye boksi, haiwezi kuwa kabla ya 1974. Pembetatu ya mishale yenye namba ndani, ile ya kuonyesha aina ya plastiki, ni 1988 au baadaye. CE, ile alama ya Ulaya, imeanza kwenye toi mwaka 1990. Na China badala ya Hong Kong kwa kawaida ni ya baadaye, viwanda vilianza kuvuka kwenda bara kabla hata ya Hong Kong kurudishwa China 1997.

Hatua ya 7: Kopi au kalibu ileile?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi. Hong Kong walikopi Marx, walikopi Airfix wa Uingereza, walikopi Roco, wakati mwingine wakikopiana wenyewe kwa wenyewe, na namna rahisi ya kukopi ni kuchukua toi ya mwenzako na kuitumia kama mfano wa kutengenezea kalibu yako. Sasa plastiki ikipoa inasinyaa, polithini inasinyaa zaidi ya polistirini, so kopi inatoka ndogo kidogo kuliko mama yake, na kopi ya kopi ndogo zaidi. Nunua kalipa ya kidijitali, hata ile ya bei rahisi ya fundi, pima urefu wa mwili bila mzinga, upana wa minyororo, na kipenyo cha kichwa kinachozunguka. Kama vipimo vyote vimepungua kwa asilimia ileile, moja mbili tatu hivi, na riveti zimekuwa kama zimelainishwa na sabuni, hiyo ni kopi. Kama vipimo ni sawasawa, viduara viko palepale na kikovu palepale, ila jina tofauti, hiyo ni kalibu iliyohama. Angalia tu zote mbili ziwe plastiki ya aina moja, la sivyo tofauti ya kusinyaa itakudanganya.

Mfano mzuri wa kalibu kuhama ni Tim Mee. Vya zamani vinataja Aurora, Illinois. Baadaye mambo yakawa mikononi mwa Processed Plastic pale jirani Montgomery, nao wakafunga 2005, halafu miaka ya karibuni kalibu zimerudishwa kwenye mashine na vifaru vinauzwa vipya kwa jina lilelile la Tim Mee, tena vimetengenezwa Marekani. Siyo feki, ni vifaru halali kutoka kwenye ukoo wake, ila ni vipya, na kuna wauzaji wanavisugua vumbi na kuviita vya miaka ya 1960. Kipya kina mng'ao sawa kila mahali na magurudumu hayajalika. Kilichochezewa kweli kimelika pale kinapogusa ardhi tu, siyo juu ya kichwa. Kilichosuguliwa na mjanja kimelika kila sehemu.

Hatua ya 8: Tafuta ushahidi wa karatasi

Katalogi za Krismasi za Sears, duka kubwa la Marekani lililouza kwa posta, zimeskaniwa nyingi, unapitia mwaka kwa mwaka unaangalia maboksi ya Marx, na picha ya katalogi inakuonyesha seti ilikuwa na vifaru vya aina gani na rangi gani mwaka ule. Matangazo ya nyuma ya vitabu vya katuni vya Kimarekani pia yanafaa. Ila picha za katalogi mara nyingine zilichorwa au zilipigwa kwa sampuli kabla kalibu haijakamilika, kwa hiyo kama picha inagombana na kifaru ulichoshika, amini kifaru.

Ukimaliza andika kadi ya kila kimoja: plastiki, vipimo, maandishi yote hata namba ndogo, viduara, kikovu, umekipata wapi na kwa nani. Kwa mtengenezaji weka "hakika", "labda" au "sijui". Sijui siyo aibu, nusu ya vyangu vya Hong Kong viko hapo, na kuliko kuandika jina kwa kubahatisha halafu mtu mwingine akalinakili kama ukweli, bora paachwe wazi.

Hatua ya 9: Kutunza

Jua ni adui namba moja, linapausha rangi na kuifanya polithini iwe kavu mpaka mzinga unakatika ukigusa tu. Kwa mlioko Dar, Mombasa au Zanzibar usiweke boksi juu karibu na mabati, lile joto la mchana linapinda asiteti na polistirini. Chini ya kitanda ni afadhali.

PVC laini usiilaze juu ya polistirini, mafuta yake yanahama na kuyeyusha mwenzake, utakuta minyororo ya mpira imejichimbia ndani ya mwili wa kifaru. Kila kimoja mfuko wake wa polithini, uachwe wazi kidogo upande mmoja. Mpira wa kufungia noti usitumie kabisa.

Na kama una watoto wadogo, hivi siyo vya kuweka mdomoni. Rangi za plastiki za zamani, hasa nyekundu na njano, zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu. Wanunulie vile vipya vya kuchezea, vya kwako viwe kwenye kabati lenye mlango, ufunguo juu.